Jibu: Kwa nini Sinner miezi 3, Jeptoo miaka 4?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mcheza tenisi Jannik Sinner alifungiwa miezi 3 tu ilhali Rita Jeptoo wetu wa marathoni alikula miaka 4. Tuzitenganishe kesi kwanza. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, haziangalii tu kilichokutwa kwenye mkojo, zinauliza pia kiliingiaje na kwa kosa la nani. Sinner alikutwa Machi 2024 na chembe ndogo mno za clostebol, dawa ya kujenga misuli iliyopigwa marufuku. Alieleza kwamba mtaalamu wake wa viungo alijipulizia dawa yenye clostebol kwenye kidole alichojikata, kisha akamkanda bila glavu, na maelezo hayo yakakubaliwa. Jeptoo alikutwa na EPO, homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu ambayo hudungwa kwa sindano, na EPO haiingii mwilini kwa kukandwa. Hapo sioni uonevu. Hata ile miaka 2 aliyopewa kwanza hapa nyumbani Kenya ilikuwa michache. CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, ndiyo iliyoiongeza mwaka 2016.

Kinachoniuma ni kingine. Kujisafisha jina ni mzigo wa mwanamichezo mwenyewe, na mzigo huo unabebwa kwa pesa: mawakili, maabara, wataalamu. Sinner alijieleza haraka, marufuku ya muda, ile ya kusubiri uamuzi, ikaondolewa, akaendelea kucheza, na sisi tukaja kujua Agosti. Kijana wa Iten, mji wetu wa wakimbiaji, aliyemeza dawa ya dukani bila kusoma kibandiko atampata wapi wakili wa aina hiyo? Ningetaka wakili na vipimo vilipiwe kwa asiyejiweza tangu siku ya kwanza, na kila marufuku ya muda itangazwe siku ileile, awe bingwa wa dunia au asiyejulikana na mtu.