Ukiacha Vina, Umeweka Nini Mahali Pake?

Vijana hunitumia mashairi yao kwa WhatsApp, na siku hizi mengi huja na maelezo mafupi juu yake: "Mwalimu, hili ni shairi huru." Nikifungua nakuta sentensi moja ya kawaida, pengine kwamba anampenda fulani na hajui aanzie wapi, imekatwa neno neno na kushushwa ukurasani kama ngazi. Simcheki mtu. Namuuliza tu: vina umeondoa, mizani umeondoa, sawa. Mahali pake umeweka nini?

Nauliza kwa sababu vitu hivyo vilikuwa na kazi. Chukua tarbia ya kawaida, yaani ubeti wa mishororo (mistari) 4: kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili). Kina cha kati, silabi inayojirudia katikati ya mishororo, kinampa mghani, yule anayeliimba shairi, nafasi ya kuvuta pumzi. Kina cha mwisho kinamwarifu msikilizaji kwamba mshororo umetimia. Kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kinamrudishia hoja asije akaisahau njiani. Watu walioyapokea mashairi kwa masikio kabla ya macho walivihitaji vyote hivyo, na mshairi Sheikh Amri Abedi alipoyaandika masharti ya kutunga katika kitabu chake cha 1954, alikuwa anaweka kwenye karatasi jambo ambalo masikio ya watu yalikwisha kulizoea. Ukikosea, wazee walikuwa na jina la kazi yako: guni.

Kisha mshairi Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyojali vina, na ugomvi ukawaka. Washairi Mulokozi na Kahigi nao wakaingia uwanjani upande wa shairi huru. Wanamapokeo, watetezi wa vina, wakasema haya si mashairi; wanausasa, watetezi wa shairi huru, wakasema haya ndiyo mashairi. Ugomvi ule sina haja ya kuufufua, ila umeacha imani moja ambayo naona inawapoteza wanaoanza: kwamba vina ni minyororo, na kwamba anayetaka kusema jambo zito lazima avikate kwanza. Si kweli. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni, yaliyotoka mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, yamefuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani. Vina havikumziba mdomo. Alamin Mazrui, naye wa Mombasa, naye aliwekwa kizuizini, na katika Chembe cha Moyo ya 1988 mna mashairi huru. Wote wawili walionja kifungo, na kila mmoja alichagua njia kwa kadiri ya alichotaka kusema.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: acha kitu unachokisema kiamue. Nitaonyesha kwa kazi yangu mwenyewe, maana ya mtu mwingine sina ruhusa ya kuipasua hadharani.

Baba yangu alikuwa na duka la rejareja. Alipofariki tulikuta daftari lake la mkopo, yale madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikatunga hivi:

Baba alipotutoka, kitabu katuachia,
Madeni aliyaweka, wino umefifilia,
Majina yanasomeka, wengi wametangulia,
Moyo wangu wasumbuka, machozi yanizidia.

Hesabu mizani, zimetimia. Vina vipo, kati na mwisho. Ukiughani utaghanika, na mtu wa makamo akiusikia atatikisa kichwa. Lakini tazama mshororo wa nne. Machozi yametoka wapi? Siku ile tulilisoma daftari tukicheka, kisha tukanyamaza, kisha mdogo wangu akakasirika kwa sababu baadhi ya waliomo walikuja msibani wakala pilau. Machozi yameletwa na "-ia". Kiswahili kina vitenzi vingi mno vya "-ia", na kila kimoja kinataka kukupeleka kwenye huzuni ile ile iliyokwisha kuliliwa na wengine. Isitoshe, jambo lenyewe lililokuwa daftarini, yaani mwandiko wa baba, ufupi wake, bei zake, limepotea lote. Nikaliandika upya:

Mama Zawadi, mafuta ya taa,
robo.
Fundi baiskeli, sigara mbili.
Mwalimu, sukari nusu, mpaka mwisho
wa mwezi.
Mwezi upi, baba
hakuandika.

Hapa hakuna kina hata kimoja. Nilichoweka mahali pake ni mkato. Soma mshororo wa sita peke yake: "Mwezi upi, baba". Ni swali, nina baba mbele yangu namuuliza, yuko hai. Shuka mshororo mmoja na yule yule baba amegeuka mtu anayesimuliwa, hayupo, hakuandika. Hakuna neno la kifo popote. Kile walichokiita mshororo mshata, usiojitosheleza mpaka umwagikie ule unaofuata, ndicho chombo kikubwa cha shairi huru, na wengi wanakitumia bila kukiangalia. Kama ningeandika "Mwezi upi, baba hakuandika" kwa mkupuo mmoja, ingebaki taarifa ya duka.

Kwa hiyo kila unapobonyeza kitufe cha kushuka mstari, jiulize kuna nini pale ukingoni. Kama hakuna kinachobadilika, neno halijageuka maana, pumzi haijakatika, msomaji hajasubiri, basi unganisha mistari yako uandike insha. Insha nzuri ni heshima pia.

Kuna jambo jingine ambalo hunichekesha. Tunaita hili shairi huru, lakini "uhuru wa mshairi" tuliofundishwa darasani uko upande wa pili! Mwenye arudhi anaruhusiwa inkisari, anafupisha maneno ili mizani zitoshe. Anaruhusiwa mazida, anayarefusha. Anaruhusiwa kuboronga sarufi na kuchota lahaja yoyote. Sisi wa mashairi huru hatuna ruhusa hiyo hata moja, kwa sababu hatuna cha kusingizia. Neno lililolegea kwenye shairi huru limelegea tu. Ndiyo maana nawashauri wanaonitumia kazi zao wafute kwanza maneno matatu: moyo, machozi, na ndoto. Yarudishe baadaye kama shairi limekataa kusimama bila hayo. Kwa kawaida halikatai.

Je, ujifunze arudhi kwanza? Ndiyo, na hapa sibembelezi. Si kwa sababu ya heshima kwa wazee. Anayeweza kutunga beti kumi zenye mizani kamili amezoesha sikio lake kusikia silabi, na sikio hilo ndilo litakalomwambia kwamba "sigara mbili" inagonga vizuri na "sigara kadhaa" inaburuta miguu.

Kusoma kwa sauti usikwepe. Shairi la vina lina mahadhi yake, hata msomaji mbovu hubebwa nayo. Shairi huru halimbebi mtu. Jirekodi kwa simu, halafu sikiliza ukiwa na shughuli nyingine, unaosha vyombo au uko kwenye daladala. Utapasikia mahali ulipojikwaa, na karibu kila mara tatizo halitakuwa kinywa chako, ni mkato uliowekwa pabaya. Kisha msomee mtu asiyesoma mashairi. Mimi nilimsomea mama yangu lile la daftari. Hakusema zuri wala baya. Aliuliza, "Kwani yule mwalimu hakulipa?" Nikaridhika, kwa sababu alikuwa amemwona mwalimu.

Kama hujui uanzie wapi, anza na maandishi ambayo tayari yapo nyumbani: kadi ya kliniki, risiti ya ada, ujumbe wa simu wa mtu aliyekudai. Yanakili kama yalivyo kabla hujaongeza neno lako. Utashangaa ni machache kiasi gani yanayohitaji kuongezwa.

Na ukialikwa kutunga kwa ajili ya harusi ya binamu yako, tafadhali rudi kwenye vina. Watu watataka kuitikia, na shairi huru halina mahali pa kuitikia.