Majalada yanayojikunja: niliilaumu mvua bure

Juzi dada mmoja wa Muheza kaniandikia: "Kaka, nimefanya laminesheni majalada mia, yote yamejikunja, mteja kayakataa. Nimekosea wapi?" Nikaikumbuka masika ile niliyotaka kuifunga steshenari yangu hapa Ngamiani.

Nilikuwa na oda ya vitabu 200 vya dua. Jioni majalada yamelala kama mkeka. Asubuhi nayakuta yamejiviringa kama mdalasini ulioanikwa. Mteja, mzee ninayemheshimu sana, alishika kimoja, akakibonyeza mezani kwa kiganja. Alipoachia, kikainuka. Hakunigombeza. Alidai advansi yake tu, akaondoka. Mpaka leo tukikutana msikitini salamu yake ni ya mkato, na inaniuma.

Niliilaumu mvua miaka miwili. Kumbe ile plastiki ya laminesheni tunayobandika juu ya jalada, tunayoiita naylon, ni polipropilini iliyovutwa kiwandani ikiwa ya moto, kama mara 5 kwa urefu na mara 8 au zaidi kwa upana, kisha ikapitishwa kwenye joto huku ikilegezwa kidogo ili itulie na kunyooka. Ukiichoma kupita kiasi, inataka kurudi ilikotoka: inasinyaa. Ukikaza breki ya roli, ile inayozuia roli la plastiki lisizunguke ovyo kwenye mashine, unaivuta, na ikishanata inajirudi, inalikunja jalada. Halafu unyevu wa pwani yetu: karatasi inaunywa kwa upande ulio wazi, inatanuka, plastiki haitanuki.

Kwa hiyo legeza breki, ibaki ya kuzuia makunyanzi tu. Punguza moto mpaka ule unaotosha kunatisha. Rimu isifunguliwe kabla ya siku ya kazi. Na nyuzi za karatasi ziende sambamba na uti wa kitabu. Kuzijua, lowesha kipande upande mmoja kwa kidole. Kitajiviringa kama mrija, na mrija umelala zilikolala nyuzi. Mimi hili sikufundishwa na mtu.

Vijana wenzangu, acheni kuongeza moto ili kazi iishe haraka. Legezeni breki! Mawe mnayopanga juu ya majalada hayaponyi kitu kilichokwisha kuvutwa. Mteja hajui habari za breki, anachojua ni kwamba kitabu chake hakifungi.

Mwezi uliopita nimetoa majalada 500. Moja nililiacha dirishani kwa makusudi, na leo bado limelala.

Dada yangu, kabla hujanunua roli jingine, nitumie picha ya breki yako.