Gemu kujifunga baada ya kubadilisha skrini
Pole ndugu. Kama gemu ilikuwa inakwenda vizuri kwenye skrini ya zamani ya 1080p na sasa inajifunga kwenye mpya ya 1440p, usiilaumu skrini haraka. Pikseli (nukta za picha) zimepanda kutoka milioni 2.07 hadi 3.69, na hezi (mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde) zikitoka 60 hadi 144 kadi ya michoro haipumui. Weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, shusha ubora wa picha, zima HDR (mpangilio wa mwanga na rangi kali zaidi), kisha cheza nusu saa. Ikitulia, tatizo ni mzigo: joto, memori ya kadi au pawa saplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme). Kwangu ilikuwa pawa saplai. Kompyuta nzima ilizima ghafla bila ujumbe wowote. Isipotulia, futa faili la mipangilio ya gemu, huenda bado limeshika vipimo vya skrini ya zamani, halafu sakinisha upya draiva ya kadi ya michoro (programu inayoiendesha).