Eti saratani ikiguswa na kisu inasambaa? Jibu la mtu wa maabara

Mleta mada, pole sana kwa yaliyomkuta mama mdogo. Umeuliza uvimbe wa titi unaanzaje kwa mtu ambaye hata sigara hajawahi kushika, na kama ni kweli kwamba saratani ikiguswa na kisu ndiyo inaamka. Naona wadau wamemjaza hofu mpaka amegoma kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara ya patholojia hapa Dar, na hivyo vinyama ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitasema ninayoyaona mezani.

Kisu hakiamshi kitu, wakuu. Siku mtu anaoga akashika kitu kigumu kwenye titi, hicho kitu kina historia ndefu nyuma yake. Tonge la sentimita moja lina seli zinazohesabika kwa mamia ya milioni, na zote ni uzao wa seli moja iliyoharibika zamani.

Inaharibikaje? Seli za mwili zinachakaa na kufa, nyingine zinajigawa kuziba mapengo. Kila seli inapojigawa lazima inakili vinasaba vyake vyote, herufi zaidi ya bilioni 6, na makosa hayakosekani. Mengi yanarekebishwa palepale. Yakibaki, zipo jeni (vipande vya vinasaba vyenye maagizo kwa seli) za ulinzi. Inayojulikana zaidi inaitwa p53: huisimamisha seli ijirekebishe, na ikishindikana huiamuru ijiue. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu jeni hiyo inakutwa imeharibika. Zipo pia jeni zinazoiagiza seli igawanyike, nazo zikiharibika kwa namna fulani, agizo halizimwi tena. Kosa moja peke yake kwa kawaida halifikishi mtu kwenye saratani. Yanatakiwa kadhaa, yarundikane kwenye uzao uleule wa seli, na hilo huchukua miaka. Ndiyo maana saratani nyingi huonekana utu uzima.

Moshi wa sigara unaongeza makosa hayo. Jua kali linayaongeza kwenye ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu inayaongeza kwenye ini. Lakini mengine ni makosa ya kunakili tu, hayana mchawi wala dhambi. Na wale wa "hiyo ni ya ukoo wao": kwenye titi, zile za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100.

Sasa uvimbe ukifika ukubwa wa milimita moja au mbili, seli za katikati zinakosa hewa na chakula. Hapo uvimbe hutoa kemikali za kuita mishipa ya damu, kama mtu anayejiunganishia maji kinyemela kutoka bomba kuu la mtaa. Ukishapata mishipa, umepata chakula, na umepata pia njia ya kutokea. Seli zinachomoka, zinaingia kwenye damu au limfu (majimaji ya mwili yenye mishipa yake). Nyingi zinafia njiani, chache zinatia nanga kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Nimeshaangalia kinyama cha ini ambacho seli zake si za ini kabisa, zimejipanga kama za titi. Hiyo bado ni saratani ya titi, imehamia tu, na inatibiwa kama ya titi.

Ule uzushi wa kisu nadhani unatokea hapo. Watu wetu wengi wanafika hospitali kidonda kimeshafunguka na kwapa limeshavimba. Wanapasuliwa, baada ya muda mfupi wanafariki, na mtaa unakilaumu kisu wakati safari ilianza zamani. Ni kweli upo uvimbe ambao madaktari hukwepa kuuchoma sindano, kwa mfano wa korodani, huutoa mzima. Lakini titi, kinyama ni lazima, kwa sababu kwa kushika tu hakuna anayeweza kuapa. Vivimbe vingi vya titi, hasa kwa mabinti, si saratani.

Kinyama kikifika kwetu kinakaa kwenye formalini (dawa ya maji inayokizuia kuoza), kinagandishwa kwenye nta, kisha tunakikata vipande vyembamba vya kama maikroni 4 (milimita moja ni maikroni 1,000) na kuvitia rangi: viini vya seli vinakuwa zambarau, kwingine waridi. Seli njema zimejipanga, viini vidogo vinalingana. Za saratani viini vikubwa, vyeusi, kila kimoja na umbo lake, na nyingi unazifumania katikati ya kujigawa. Zimetoboa ukuta na kuingia nyama ya jirani. Uvimbe usio saratani unaweza kuwa mkubwa kama embe, lakini hauvamii hivyo.

Aliyeuliza kama inaambukiza: saratani yenyewe hapana, usiogope kumuuguza. Kirusi cha HPV ndicho kinaambukizwa, na aina za 16 na 18 ndizo chanzo cha takriban 70 katika kila 100 za saratani ya mlango wa kizazi. Protini zake zinaiangamiza ileile p53 niliyoitaja juu. Mabinti wapelekeni chanjo, ipo nchi nzima tangu 2018.

Kwa mama mdogo, hakikisheni kinyama kinatumbukizwa kwenye formalini ya kutosha palepale kinapotoka. Nimewahi kuletewa kimefungwa kwenye glovu, kimekauka, hakisomeki, na mgonjwa akaitwa kukatwa upya. Ikithibitika ni saratani, ulizeni kama vimepimwa vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) na HER2 (protini inayoichochea seli ikue), maana dawa inachaguliwa kwa majibu hayo. Mkielekezwa Ocean Road, taasisi ya saratani hapa Dar, nendeni na ripoti. Bloku, yaani ile nta yenye kinyama, huwa inatunzwa, kwa hiyo mkitaka maoni ya pili ombeni bloku na slaidi (vioo vyenye vile vipande vyembamba), mama hana haja ya kukatwa tena.