Shusha huo mfuko wa saruji, shika tepu

Shusha huo mfuko. Nimesoma swali lako mara mbili na mara zote mbili nimepandwa na hasira, ingawa si kwako. Umeuliza uvae buti gani, malipo uyapangeje, vibarua wasiotaka kuelekezwa na mwanamke uwafanyeje, halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukasema wiki ijayo mnaseti msingi, yaani kupima na kufunga kamba za pande za nyumba kabla ya kuchimba, na fundi mkuu kakushauri siku hiyo ushushe saruji pamoja na wanaume "ili wakuzoee". Hapo hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Mzee mmoja wa kazi, miaka kibao saitini, aliniita pembeni kama baba: "Binti, mwanamke haheshimiwi hapa mpaka abebe mfuko mbele za watu." Nikameza. Mzee mwenyewe kiuno kilishakwisha kwa hiyo hiyo mifuko, hata mwiko ukianguka anaokotewa, lakini akili ya kujiuliza sikuwa nayo. Ilikuwa nyumba yangu ya kwanza kusimamia, mita 10 kwa 8, na nilishachoka kumwona mwenye nyumba akifika ananipita mimi, anakwenda kumuuliza saidia fundi kazi imefikia wapi.

Siku ya kuseti lori likaja. Nikamwachia kamba na vigingi kijana mmoja "aliyeshaseti nyumba nyingi", nikaenda kubeba. Kilo 50 begani, mfuko baada ya mfuko, mbio. Wakanipigia makofi. Wakasema huyu si mwanamke, huyu dume! Na mimi nikachekelea, sikuona kwamba sifa yenyewe inanifuta.

Kijana akapima pande nne, zote zikatimia, akasema tayari. Sasa sikiliza vizuri: pande nne zinaweza kutimia zote na nyumba ikawa imelala upande, kama kitanda kilicholegea miguu. Kinachoumbua ni kupima kona kwa kona. Kwa mita 10 kwa 8, vipimo vyote viwili lazima visome mita 12.81. Vyetu vilipishana sentimita 20. Hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyepima, na aliyetakiwa kupima alikuwa anaonyesha misuli.

Msingi ukachimbwa, zege likamwagwa, tofali zikapanda, lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, ikafungwa. Aibu ikanisubiri juu. Seremala alipopandisha kenchi ya mwisho, ile fremu ya mbao inayobeba paa, upande mmoja ikakaa juu ya ukuta vizuri, upande wa pili ikatoka nje karibu sentimita 13, chini yake hewa tupu. Akaniangalia. Nikaangalia mawingu.

Tulibomoa kuta zote mbili za mita 8 hadi chini, tukachimba msingi upya, tukamwaga zege upya, na zege halina haraka: unalimwagilia maji siku 7 kwa uchache, nguvu yake kamili unaihesabu siku ya 28. Wiki sita nilifanya kazi bila kulipwa hata siku moja. Wale waliopiga makofi? Walisema, "Si tulijua, mwanamke na hesabu wapi na wapi." Kijana aliyeseti hakutajwa na mtu. Yule mzee alikuja kutazama bomoabomoa, akatikisa kichwa, akaondoka. Mgongo wangu ulipona. Jina bado, hadi leo wananiita Kona, na nimeamua kuitikia kabla hawajamaliza kucheka.

Kwa hiyo siku hiyo tepu isitoke mkononi mwako. Mifuko ina toroli. Pembe ya kwanza ipige kwa 3, 4, 5: upande mmoja 3, wa pili 4, na kati ya ncha zake ikisoma 5, pembe ni mraba. Lakini kwa nyumba kubwa usitumie mita 3 na 4, tumia 6, 8 na 10, maana kosa la kidole kwenye kipande kifupi linakuwa kosa la kiganja huko mwisho. Piga msumari juu ya kila kigingi, upime kutoka msumari hadi msumari, siyo kutoka ubavu wa mti. Kama ardhi ina mteremko, tepu uivute ilale sawa na maji. Ukiifuata ardhi itakudanganya. Halafu kona kwa kona, zote mbili, kwa sauti, uandike kwenye daftari mbele yao. Mtu akijikwaa kwenye kamba, pima tena. Kabla ya kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, pima tena juu ya msingi. Watakuita mwoga. Waache.

Na akitokea wa kukwambia "wewe chukua plasta na rangi, wanawake mna mikono misafi", usidhani anakusifu. Anakuondoa kwenye kamba.

Vibarua: kibarua anayekubishia ukimwambia "sogeza kigingi", mpe ncha ya tepu aishike, asome namba mwenyewe. Wengi huishia hapo. Asiyeishia hapo hakuhitaji uwe mwanaume, anahitaji saiti nyingine.

Buti chukua zinazokushika kisigino. Za kiume ukijazia soksi mguu unaogelea ndani, na ngazini hapo ni kuanguka.

Mnaseti siku gani hasa? Na huyo atakayeshika kamba upande wa pili ni nani?