Upole si uadilifu: maswali ya wanachuo kuhusu haiba na akili ya kimaadili

Kila mitihani ya mwisho wa muhula inapokaribia, barua za wanachuo huongezeka, na safari hii nyingi zinauliza kama uadilifu ni jambo ambalo mtu huzaliwa nalo. Nimechagua sita.

Mhadhiri wetu alitaja "akili ya kimaadili" kisha akaendelea na mada nyingine. Ni nini, na inatofautianaje na haiba? (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Akili ya kimaadili ni uwezo wa kutambua jema na baya katika jambo lililo mbele yako, na kisha kulitenda lile ulilolitambua kuwa jema. Doug Lennick na Fred Kiel, Wamarekani walioieneza istilahi hii katika masuala ya uongozi mwaka 2005, waliisimamisha juu ya nguzo nne: uadilifu, uwajibikaji, huruma na msamaha.

Haiba ni kitu kingine. Ni namna ya kudumu ambayo mtu hufikiri, huhisi na hutenda, na wanasaikolojia wengi huipima kwa sifa tano, yaani uwazi wa fikra, bidii yenye utaratibu, uchangamfu, upole kwa wenzake, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Watafiti Ashton na Lee, baada ya kulinganisha maneno ambayo lugha mbalimbali huyatumia kueleza tabia za watu, waliongeza ya sita: unyofu na unyenyekevu. Kiswahili kimeyatenganisha mambo haya siku nyingi, kwa kuwa tukisema fulani ana hulka ya ukimya tunaeleza alivyo tu, lakini tukisema fulani hana utu tumeshamhukumu kwa yale anayowatendea watu.

Mimi ni mpole na sipendi kumuudhi mtu. Katika kikundi chetu cha watu sita, wawili hawakufanya chochote, lakini nikiwa katibu niliyaandika majina yao kwenye kazi. Tangu siku hiyo sina raha. Je, upole wangu ni kasoro? (Binti wa mwaka wa tatu, Mbeya)

Binti yangu, kukosa raha kwako ni dalili njema. James Rest, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Minnesota, alieleza kwamba tendo la kimaadili hupitia mambo manne: kuliona suala lenyewe, kuamua lipi ni haki, kuitanguliza haki hiyo mbele ya matakwa mengine, na kuwa na uthabiti wa kuitekeleza. Mawili ya kwanza ulikuwa nayo. Ulikwama kwenye la tatu, pale hofu ya kununiwa ilipoishinda haki ya wale watatu waliokesha pamoja nawe.

Ni kweli kwamba, kwa wastani, wanafunzi wapole na wenye bidii hudanganya kidogo kuliko wengine. Tafiti nyingi zimelionyesha hilo. Hata hivyo, upole uleule unaokuzuia kumdhuru mtu unaweza pia kukuzuia kumkatalia mtu anayekosea, na hapo mzigo hubebwa na wasiokuwapo kwenye mazungumzo. Safari ijayo, katika kikao cha kwanza kabisa kabla kazi haijaanza, pendekeza kikundi kikubaliane kwa maandishi kwamba kila sehemu itaandikwa jina la aliyeifanya. Mpole huona tabu kumkatalia rafiki ana kwa ana, lakini haoni tabu kusimamia makubaliano ya wote. Na kama alama za kazi hiyo hazijatoka, waambie wenzako wawili waende kwa mhadhiri wenyewe kabla hujaenda wewe.

Nilifanya jaribio la haiba kwenye simu, likanipa herufi nne na kusema mimi ni mtu wa "mantiki, asiyejali hisia". Je, nitakuwa daktari mbaya? (Moshi)

Hapana. Majaribio ya herufi nne huwagawa watu makundi mawili mawili, ilhali sifa za haiba ni za kiwango na wengi wetu tuko katikati, na ndiyo maana mtu akirudia jaribio hilo baada ya wiki chache anaweza kupewa herufi nyingine. Usichague wala kuacha taaluma kwa sababu yake.

Rafiki yangu ni mcha Mungu, hodari darasani, na ni kiongozi wetu wa sala. Amekamatwa na karatasi yenye majibu kwenye chumba cha mtihani. Alikuwa akituigizia miaka yote hii? (Morogoro)

Swali lako limenigusa kuliko mengine, kwa sababu nimesimamia mitihani kwa miaka mingi na nimewaona waliokamatwa wakilia. Wengi wao hawakuwa waovu.

Kati ya mwaka 1928 na 1930, Hartshorne na May walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani, wakiwapa nafasi za kudanganya darasani, michezoni na nyumbani. Waligundua kwamba aliyedanganya mahali pamoja hakudanganya lazima mahali pengine. Wachambuzi waliofuata walipoyaunganisha majaribio mengi waliona kuwa upo uzi fulani wa uaminifu unaomfuata mtu, lakini ni mwembamba kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1973, Darley na Batson waliwachunguza wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton, ambao walitakiwa kwenda jengo la jirani kutoa hotuba, baadhi yao kuhusu mfano wa Msamaria Mwema, na njiani wakamkuta mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa. Miongoni mwa waliokuwa na muda, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, asilimia 10 tu. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo sidhani rafiki yako aliigiza. Huenda sala zake zilikuwa za kweli na hofu yake ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ilikuwa ya kweli pia, na siku ile hofu ikamzidi. Adhabu ya chuo ni haki yake na asikwepe. Lakini kumbuka nguzo ya nne ya Lennick na Kiel: msamaha. Mtembelee wiki hii, kabla hajaamini kwamba jina alilopewa na wenzake ndilo yeye.

Nilimaliza shahada miaka miwili iliyopita na sijapata ajira. Ninaandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, na ndizo zinazomlipia mdogo wangu karo. Ninakosea? (Nairobi)

Kijana wangu, unakosea, ingawa anayenunua anakosea zaidi yako. Australia ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020 na Uingereza ikatunga sheria dhidi yake mwaka 2022, lakini tuache sheria kando. Fikiria insha ya uuguzi uliyomwandikia mtu, kisha umfikirie mgonjwa atakayehudumiwa na mtu huyo.

Barua yako inaonyesha jinsi bidii inavyoweza kutumikia jambo lolote. Unakesha, unatimiza ahadi, huchelewi hata dakika, sifa ambazo mwajiri yeyote angezitamani, na zote zinakwenda kwenye kazi usiyoweza kuitaja kwenye wasifu wako. Sikuambii uache leo huku kodi ya nyumba ikidaiwa. Zikatae kwanza kazi za uuguzi, udaktari na uhandisi, kisha ustadi huohuo uupeleke kwenye uhariri, unukuzi na tafsiri, na ujiwekee tarehe ya kuacha kabisa. Iandike, umwonyeshe mdogo wako.

Nina miaka 22 na ni mvivu wa ahadi. Je, nimechelewa kubadilika? (Zanzibar)

Hujachelewa, na kwa kweli uko kwenye umri wenyewe. Mwaka 2006 Roberts na wenzake walijumlisha tafiti 92 zilizowafuatilia watu kwa miaka, wakaona kwamba bidii yenye utaratibu na utulivu wa moyo huongezeka, hasa kati ya miaka 20 na 40. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanywa kwa wanachuo wa Marekani kwa majuma 15, ulionyesha kwamba kutaka tu kubadilika hakukutosha. Waliobadilika ni wale waliotimiza vitendo vidogo walivyojipangia, juma baada ya juma. Anza basi na ahadi moja ya juma hili, iliyo ndogo na yenye saa yake, kama vile kurudisha, Alhamisi saa nne asubuhi, kitabu ulichoazima, na usiongeze ya pili mpaka hiyo umeitimiza.