Kizimkazi na mama na watoto: msiwafukuze pomboo

Ndugu yangu, umeuliza kama siku moja yatosha kumpeleka mama na watoto Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuona pomboo, kisha kupita ile njia ya mbao ya mikokoni. Yatosha. Nimekwenda mara tatu, ya mwisho na mama yangu mzazi.

Tokeni mjini alfajiri, bahari ingali shwari. Kusi likivuma, mama atachafukwa na roho kabla hajaona hata pezi. Bei patana na nahodha pale pale pwani, na mwambie mapema kwamba hamtaki kufukuza.

Safari yangu ya kwanza tulikuwa boti kama nane, zote zinawakimbilia pomboo walewale, watu wanajirusha majini mbele yao. Pomboo mmoja alikuwa na mtoto ubavuni. Wakazama, hatukuwaona tena. Nilirudi na unyonge ambao haujanitoka. Ghuba ya Menai, bahari hiyo ya Kizimkazi, ndiko wanakokula, wanakopumzika na kunyonyesha, na mbio zile zinawakatiza yote. Mara ya mwisho nahodha alizima mashine mbali nao, tukanyamaza. Wakaja wenyewe, wakapita karibu hata tukasikia pumzi zao. Mama alikuwa akisema subhanallah tu. Na ni pomboo hawahawa ambao zamani wavuvi wa huko waliwaua wapate chambo cha papa, kabla utalii haujashika miaka ya 1990.

Mkishuka, msiondoke bila kuuona msikiti wa Dimbani, hapo hapo Kizimkazi. Kwa nje utauona mnyonge, kuta za mawe na paa la bati, unaweza kuupita. Ingieni mtazame kibla: maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu bado wanasali humo, kwa hiyo vueni viatu, mjistiri, na ombeni ruhusa kwanza. Mimi nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokaa baharini.

Njia ya mbao iko kijiji cha Pete, karibu na lango la msitu wa Jozani, mtaipita mkirudi mjini. Kima punju, wale kima wekundu, mtawaona hapo hapo msituni. Mikokoni nendeni maji yakiwa yametoka, watoto waone mizizi na kaa wanaokimbilia mashimoni. Mbao zikilowa huteleza. Mshike mama mkono.